Mwatime na Wageni wa Meli

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakisafiri kwa meli kama sisi, aliishi kaa mmoja ufukweni, jina lake Mwatime. Alikuwa mjane, mdogo kama kifungo cha koti, na watoto wake saba aliwalea katika shimo alilolichimba mwenyewe.

Siku moja ya upepo mkali, meli kubwa ikatia nanga. Boooo! Wakashuka Tembo na Nyati, kofia kichwani, watembee mpaka saa kumi, meli itakapoondoka.

"Kaa wako wapi?" Tembo akanguruma. "Tumetoka mbali kuja kuwatazama!"

Akatia mkonga katika shimo la Mwatime, akapuliza. Fuuuu! Jiko lake likabomoka, watoto wakarushwa huku na huku wakilia.

Mwatime akatoka, magando juu. "We baba! Hapa ni kwangu. Hata hodi?"

Nyati akacheka mpaka kofia ikapeperuka. "Kumbe kanasema! Haya, cheza tukuone. Usipocheza, nakanyaga mashimo yote haya!"

Mwatime hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Mimi sichezi," akasema. "Mkitaka ngoma ya kaa wote, nendeni kule chini kwenye mchanga wa maji. Ila miguu yenu inatisha. Ifukieni mpaka magotini, mtulie tuli."

"Hilo tu?" Wakachimba, wakajifukia, wakatulia.

Upepo ukasukuma mchanga, vuuu! Maji yakaanza kujaa. Mchanga ukawabana miguu.

Mara, boooo! Meli inaita abiria wake.

Tembo akavuta mguu. Wapi! Nyati akavuta. Wapi!

Hapo ndipo kaa walipotoka, mashimo yote, wakajipanga kutazama.

"Mama, yule mwenye pua ndefu anafanya nini?" akauliza mtoto wa Mwatime.

"Anacheza, mwanangu. Mtazame vizuri."

"Dada, tuokoe!" Tembo akalia.

"Mimi si dada yako. Jiko langu atalijenga nani?"

"Mimi!"

"Na mashimo ya jirani zangu atayakanyaga nani?"

"Hakuna!" akasema Nyati.

"Sisikii, upepo mwingi."

"HAKUNAAA!"

Kaa wakachimba, chaka-chaka-chaka, wakamtoa Tembo peke yake. Nyati wakamwacha palepale.

"Yeye atatoka jiko likisimama," Mwatime akasema.

Tembo akapiga magoti, akajenga kwa ncha ya mkonga, huku maji yakimpanda Nyati kifuani. "Fanya upesi, ndugu yangu!" Nyati akapiga kelele. Nje kule, meli ilikuwa imeshang'oa nanga.

Mwatime akalizunguka jiko, akaligonga kwa gando.

"Limepinda," akasema. "Anza tena."

Tembo akaanza tena, na la pili lilisimama wima. Hapo ndipo Nyati alipotolewa, maji yakiwa shingoni.

Basi, wanangu, ukitaka kutazama ya watu, piga hodi kwanza, hata kama nyumba yao ni shimo.