Sarafu ya Nyuso Mbili

Hapo zamani, mji wa Kizimbwe ulipokuwa na mfalme wake na sarafu zake, aliishi mjane mmoja, Mize, mpika vitumbua. Kibanda chake kilivuja hata mvua ikishakatika.

Siku moja mteja alimlipa sarafu ya ajabu: huku uso wa mfalme, huku uso wa mfalme. Aliyeigonga ni Fundi Shomari, mtengeneza sarafu wa mfalme, aliyesinzia kazini akakosea muhuri. Mize akaipeleka sokoni. Muuza unga akacheka. Muuza samaki akacheka. Fundi mwenyewe alipoonyeshwa, akaikana. "Mimi sigongi takataka."

Mize akarudi kwake na uchungu wake. Akaifunga katika kipande cha hariri ya nguo yake ya harusi, akaiweka. Miaka ikapita, hakuna aliyeigusa, nayo ikaingia weusi.

Ndipo shemeji yake, Faki, mtu mwenye maneno kuliko akili, aliposikia kuna tajiri ng'ambo ya milima anayekusanya sarafu kongwe. Akaenda kwa miguu, homa ikamshika njiani, lakini akamleta. Tajiri aliitazama akiigeuza huku na huku.

"Zilizo sawa zimejaa, kuku wanazikanyaga," alisema. "Iliyokosewa ni hii, tena haina mkwaruzo. Mama, kesho nakupa nyumba ya mawe."

Ndugu wakachipuka kama uyoga. Muuza unga akawa mjomba. Muuza samaki akawa binamu.

Asubuhi, Mize alipokwenda kuteka maji, Faki aliitazama ile sarafu nyeusi, akaona haya kumpa mgeni kitu kichafu. Akaisugua kwa mchanga na ndimu mpaka ikameremeta. Akajisifu pia.

Tajiri aliporudi, aliishika, akainamisha kichwa. "Ule weusi ndio ulikuwa ngozi yake. Mmeichuna. Sasa natoa ng'ombe mmoja, tena kwa huruma."

Mize akakaa chini. Hakulia. Alimtazama Faki mpaka Faki akageukia ukuta.

Ng'ombe hajafungwa kamba vizuri, Fundi Shomari akafika mbio, kumbukumbu imemrudia ghafla. "Bila kosa langu hii ingekuwa sarafu kama nyingine. Ng'ombe ni wangu."

"Bila miguu yangu tajiri asingeijua njia ya hapa," akasema Faki. "Na niliisugua kwa nia njema."

"Wewe Shomari uliikana, wewe Faki umeiharibu," akasema Mize. "Mimi niliitunza mkinicheka."

Shomari akatabasamu. "Uliitunza kwa kuwa hukupata wa kumbambikia. Sokoni si ulijaribu?"

Na kweli, Mize alijaribu.

Wajomba na mabinamu nao wakatawanyika. Ng'ombe mmoja asingewatosha.

Haya, nyinyi mnaojua sana kuhukumu, kamba ya ng'ombe tunawashikisha. Je, mtamkabidhi nani: aliyekosea, aliyetunza, au aliyemleta mnunuzi kisha akaichuna?