Mtungi wa Ijumaa

Hadithi!
— Ije.
Ije na nini?
— Ije na mvua, sisi tukinge.

Basi kingeni. Lakini nawaambia mapema, humu mna fumbo ambalo mpaka leo sijalifumbua: mkono wa kwanza ulikuwa wa nani?

Hapo kale, kisiwani Pemba, palikuwa na Bi Mize, mlinzi wa mtungi. Mtungi ulikaa uani kwake, juu ya kilima, kinywa wazi, ukikinga mvua ya wiki. Kila Ijumaa alichungulia, kisha akaumwaga uanze upya. Maji yakiishia tumboni mwa mtungi, watu wa bondeni hulala kwao. Yakifika shingoni, hupanda kilimani wote, maana mto nao unakaribia kufurika. Enzi hizo, jamani, mvua ilinukia udongo na mpunga, na bonde zima liliimba likifukuza ndege.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Ijumaa ya kwanza, maji tumboni. Ya pili, tumboni. Bi Mize akashika kiuno. Paa linavuja, vyura wamehamia jikoni, na mtungi haujai? Na kule bondeni, nyumba ya mwisho kabla ya mto, alikaa bintiye Subira na kichanga chake. Usingizi ukampotea.

Majirani walikuja mmoja mmoja kumjulia hali, wakausifia na mtungi wake. Mnacheka? Yeye hakucheka. Alichukua masizi na mafuta ya nazi, akapaka mpini wa kata ya kuchotea maji iliyoning'inia kando ya mtungi.

Ijumaa ya tatu, tumboni tena. Akawaita wote, akawaomba wafungue viganja. Cheusi, cheusi, cheusi. Hata mwadhini alificha chake kanzuni. Subira hakufungua, alikuwa amempakata mtoto. Lakini kwenye kanga ya mtoto palikuwa na alama za vidole, nyeusi tititi.

"Na wewe, mwanangu?"

"Kata moja tu, mama. Mpunga umebakiza siku chache. Tukipanda huku kilimani, nani ataamia ndege?"

Kila mmoja alikuwa amechota kata moja tu. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimwaga. Bi Mize hakumlaumu mtu. Njaa naye aliijua.

"Mpunga tutaulilia pamoja," akasema. "Pandeni."

Wakapanda. Kabla ya alfajiri, mto ulikuwa umelala vitandani mwao.

Maji yalipopungua wakakaa shauri, wakaamua: mtungi ukae bondeni, kwa yule atakayelowa wa kwanza. Subira akaubeba mwenyewe, mtungi kichwani, mtoto mgongoni.

Kata akaiacha kwa mama yake.

Hadithi imekatika kama mvua. Aliyelowa ajianike.