Shauri la Viazi Visivyovuka Mto

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio wapo?

Wapo, wamechoka.

Na msimulizi kachoka. Basi tutaelewana.

Shauri lenyewe, kwa jina lake la serikali, liliitwa Amri ya Kudumu ya Idara ya Kivuko Kuhusu Mazao ya Chini ya Ardhi Yaondokayo na Wageni. Sisi wengine tuliliita viazi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mipaka na mipaka ikiwa na wenyewe, nungunungu wawili wazee, Babu Faki na Bibi Mize, walivuka mto kwenda kumtazama binti yao Raya, aliyeolewa ng'ambo. Walimfuata hasa mjukuu wao, Chiku, aliyezaliwa huko, ambaye hawajapata kumwona.

Kwa nungunungu kuna ada. Mjukuu huchanwa miiba na bibi yake. Hukaa mapajani, bibi akampitishia kucha, chwa, chwa, chwa, mwiba mmoja mmoja. Asiyechanwa hukua, lakini hukua kama kichaka kisicho na mwenyewe.

Chiku hakumjua kizee huyu. Kila akiitwa alisimamisha miiba, kacha kacha kacha, akajificha nyuma ya mama yake. Mwezi ukaandama, mwezi ukafa. Ikabaki siku moja.

Asubuhi Bibi Mize akasema, "Raya, mwanangu. Leo kaa nasi. Ukikaa wewe, na mtoto atakaa."

"Nakaa, mama. Nachimba viazi viwili vitatu vya njiani."

Kru, kru, kru.

"Raya, njoo basi."

"Naja, mama. Niwaache mrudi mikono mitupu, watu wa kwetu waniseme?"

Kru, kru, kru.

Jua likapanda. Akaja Ngiri, jirani. "Nasikia mnasafiri. Nina mzigo mdogo wa shangazi yangu." Mzigo mdogo ukatuliwa, puu, ardhi ikatikisika. Akaja Sungura. "Wangu mwepesi." Wa Sungura ulitaka wawili kuunyanyua.

Viazi vya Raya, viazi vya Ngiri, viazi vya Sungura, vyote vikachomekwa kwenye miiba ya wazee, kila mwiba na kiazi chake.

Babu Faki akageuza shingo, akautazama mgongo wake. "Mke wangu, nilikuja nungunungu. Narudi punda."

"Nyamaza, mume wangu. Wametuheshimu."

"Heshima nzito."

Jua likasimama utosini. Chiku anamfuata mama yake, shimo hadi shimo. Bibi kaketi, mapaja wazi, kucha kazinoa tangu alfajiri. Kru, kru, kru. Jua likainama.

Jioni wakashuka mtoni wote, wazee wamepinda kwa mzigo. Kiboko, ndiye kivuko, yumo majini anapiga miayo. Ukingoni amesimama Korongo, ofisa wa Idara, mguu mmoja kazini, mwingine likizoni.

"Hivyo ni nini?"

"Viazi, mheshimiwa," akasema Raya.

"Vimeota wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi ni raia wa hapa. Haviondoki."

"Nimechimba kutwa nzima, mheshimiwa."

"Naona. Pole. Kaeni chini nivikague."

Babu Faki akauliza, "Kama haviondoki, unavikagua vya nini?"

"Ili nijue nimezuia nini."

Akaanza. Akachomoa kiazi, akakigeuza, akakinusa, akakiweka chini. Akachomoa cha pili, akakigeuza, akakinusa. Wengine hawakuwa na la kufanya. Hapakuwa na shimo la kuchimba, wala mgongo wa kupakia. Raya akasimama. Akasimama tena kidogo. Kisha akakaa, mara ya kwanza siku ile, ubavuni kwa mama yake.

"Nimechoka, mama."

"Najua, mwanangu. Nimekutazama kutwa."

Chiku akawaangalia. Akageuka, akawapa mgongo, akaanza kuja kinyumenyume, hatua, hatua. Nungunungu akija kinyumenyume, mara nyingi anakuja kuchoma. Babu Faki akakunja miguu. Bibi Mize hakusogea.

Mtoto akafika. Akakaa mapajani. Akalaza miiba.

"Hapa panawasha," akasema.

Chwa, chwa, chwa.

Bibi akachana. Raya akalia kidogo, akasema ni vumbi la viazi. Chwa, chwa, chwa, shingo, mgongo, mbavu.

"Nimemaliza," akasema Korongo. "Abiria wapande."

"Bado mkia, mheshimiwa," akasema Bibi.

Korongo akatazama jua. Akatazama mkia. Akainama, akaokota kiazi alichokwisha kukagua, akaanza kukigeuza upya.

Mkia ukaisha. Wazee wakapanda mgongoni kwa Kiboko, wepesi kama walivyokuja. Walipofika katikati ya mto, sauti ndogo ikawafuata juu ya maji.

"Bibi, na wewe anakuchana nani?"

Bibi Mize akamtazama mumewe. Babu Faki akazitazama kucha zake.

"Nitajifunza," akasema.

Basi wakubwa kwa wadogo, neno ni hili: anayeondoka, kaa naye kwanza, ndipo umfungashie. Mzigo huzuiwa njiani. Kukaa naye hakuna wa kukuzuilia, isipokuwa wewe.

Hadithi yangu naitua hapa, mabega yamechoka.

Ama vile viazi, Korongo hali viazi. Vilioza pale pale ukingoni.