Mwezi Uliosuguliwa

Wapendwa, alikuwepo bwana mmoja msafi kupita kiasi. Kuku wakitaka kukatiza uani kwake, walijifuta miguu kwanza! Msicheke, huenda ni jirani yenu.

Jirani yake yeye alikuwa mama wa Kijapani. Mama huyo akasafiri, akamwachia amana: kijisanduku cha chuma cha tangu enzi za mababu zake, cheusi tii, alichomtunzia bintiye kwa siku ya harusi. Na juu ya ule weusi, jamani! Fundi wa kale alichimba vijifereji vyembamba kama unywele, akagongelea humo nyuzi za dhahabu mpaka wakatokea korongo wawili wanaoruka. Juu yao, mwezi wa fedha. Ungekishika ukasahau chakula jikoni!

Bwana wetu yeye aliona nini? Kutu.

"Baba, acha kitu cha watu," mkewe akamwambia.

"Kitu cha harusi kina masizi kama sufuria ya maharage? Lete majivu! Lete waya!"

Akasugua. Jasho likamtoka, na pambio likamtoka. Kikang'aa chote kama kijiko kipya.

Mwenyewe aliporudi, akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku.

"Mwezi uko wapi?"

"Upo, mama! Palepale!"

Kweli, ulikuwepo. Lakini fedha juu ya chuma kinachong'aa, nani ataiona?

"Jirani, umeuondolea usiku wake."

Bwana akashika kichwa. "Nimeharibu harusi ya mtoto! Hakitengenezeki?"

"Kwetu wapo mafundi. Watakitia kutu upya, kisha watakichemsha kwenye chai ili kutu isimame, isile chuma. Weusi ule unatoka hapo."

Mkewe akadakia, "Chai ya rangi au ya maziwa?"

Mama wa watu akacheka mpaka akafuta machozi. "Ya rangi. Na harusi itausubiri mwezi."

Haya, tumemcheka vya kutosha. Sisi je, tukisimama hapa kanisani kushuhudia? Si tunasugua? Miaka ya ulevi, tunaisugua itoke. Ndoa iliyotaka kuvunjika, tunaitoa. Mtoto tuliyemzika, hatumtaji. Tunabaki tunang'aa kama vijiko, halafu tunashangaa jirani haioni neema. Ataionea wapi? Giza lilitupata kweli, ila Mungu alilisimamisha lisitumalize!

Basi anayekuja mbele leo, waya auache mlangoni. Tuonyeshe usiku wako, ndugu yangu. Mwezi tutauona wenyewe.