Vichwa Juu ya Maji

Ndugu zangu, alikuwepo mchoraji mmoja aliyewahi kuwa baharia vitani. Miaka mingi baada ya vita akaitwa na kamanda wake wa zamani.

"Nichoree manowari zetu zilivyokuwa asubuhi ile, mapigano yalipokwisha. Picha hiyo nitaitundika ukumbini, kila mgeni aione."

"Ndiyo, afande," akajibu kwa woga.

Kwa nini aogope? Kwa sababu asubuhi ile alikuwepo. Manowari tatu zilikuwa zikifuka moshi, mafuta meusi yametanda juu ya maji, na ndani ya mafuta hayo vichwa vya watu. Watu wao wenyewe, wa meli iliyozama! Walikuwa wakipunga mikono, wakiwaita wenzao kwa majina. Kamanda akahofia nyambizi ya adui, akaamuru meli ziondoke. Zikaondoka.

Basi mchoraji akaanza kuchora, na mkono wake ukavichora na vile vichwa. Mkewe alipoona, akashika mdomo.

"Baba watoto, unataka tufungwe? Huyo mtu bado ana nguvu. Futa!"

Tangu hapo kila gari liliposimama nje, mchoraji alikurupuka kuifunika picha. Mwishowe akachovya brashi kwenye rangi ya buluu, akawazamisha mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa rafiki yake aliyelala naye chumba kimoja kambini, kabla hawajapangiwa meli tofauti. Naye akamzamisha.

Kamanda akaja. Akaikagua picha pembe hadi pembe.

"Wako wapi?"

"Akina nani, afande?"

"Unawajua." Mzee akaigusa ile buluu. "Wachoraji wamejaa mjini. Nilikuita wewe kwa kuwa uliona. Miaka yote hii watu wananisifu tu. Nilitaka picha iseme kile ambacho mdomo wangu umeshindwa kukisema. Kumbe na wewe unaniogopa."

Akavaa kofia yake, akatoka, picha akaiacha. Wiki ileile akafariki. Akazikwa kwa mizinga na sifa.

Ndugu zangu, sisi tunamwogopa nani? Baba mkwe? Bosi? Mzee wa kanisa hili? Tunayajua aliyoyafanya, tunayapaka rangi, tunaita heshima. Je, kama mtu huyo ameelemewa, na anangoja mmoja wetu tu amwambie, "Niliona. Twende tukatubu pamoja"? Huenda leo amekaa benchi moja na wewe. Utamwacha aende hivyohivyo kaburini?