Siku Ukuta wa Lwangu Ulipotanuliwa

"Ukuta ukitanuliwa huwa uzio." Hivyo ndivyo alivyosema mwenyekiti kwenye kikao cha maji leo asubuhi, nanyi wajukuu zangu mkatazamana. Mmeniuliza ukuta unatanuliwaje, na ni nani aliyeyasema maneno hayo kwanza. Aliyeyasema namfahamu, na siku aliyoyasema mimi nilikuwa nimesimama golini. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa nasomea ualimu katika Chuo cha Kyambili, huku huku milimani, na wasichana wa chuo tulikuwa na timu ya mpira wa mikono. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila upande una wachezaji saba, mmoja akiwa golikipa, na mpira hurushwa kwa mkono. Mbele ya kila goli huchorwa mstari uliopinda kama upinde. Nyuma ya mstari huo hakanyagi mtu ila golikipa. Kwa hiyo wanaolinda husimama kandokando ya mstari, na wanaoshambulia hutafuta pa kupitisha mpira.

Jirani zetu wa chuo cha kilimo cha Lwangu walikuwa na wasichana warefu, wenye mabega ya kubebea magunia. Walijikusanya katikati, bega kwa bega, mikono juu, hata goli lenyewe usilione. Watu wakawaita Ukuta. Nahodha wao alikuwa Mbuke, binti wa Kisukuma mpole wa maneno, lakini ukimgonga ni wewe unayeanguka.

Sisi tulikuwa na Subilaga. Mkono wake ulirusha mpira kama jiwe la kombeo, na mbinu yetu yote ilikuwa moja: mpe Subilaga, apite katikati. Kwa timu nyingine ilitosha. Kwa Lwangu, Subilaga aliingia akaanguka, akainuka, akaingia tena. Mara ya mwisho alitoka kiwanjani akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, bega limevimba.

Baada ya mechi ile mkuu wa chuo alituita ofisini.

"Mchezo huu unawaumiza na hamshindi," alisema. "Bega likipona mtacheza na Lwangu mara moja tena, hapa nyumbani. Mkifungwa, timu ya wasichana naivunja. Mtabaki kuwashangilia wavulana."

Hakuna aliyelia. Subilaga aliuliza tu kama tungeruhusiwa kukitumia kiwanja kila jioni. Mkuu akasema ndiyo.

Kocha wetu alikuwa Mwalimu Ambakisye, aliyetufundisha jiografia. Hadi wakati ule naye alikuwa akitupigia kelele za "sukuma, sukuma" kama makocha wengine. Jioni ya kwanza alikuja kimya. Aliwapanga wasichana sita kwenye mstari bega kwa bega, kama Lwangu, kisha akampeleka Subilaga pembeni kabisa, kwenye kona ya kiwanja. Beki wa mwisho wa ukuta ule, msichana aitwaye Atupele, akasogea hatua chache kumwelekea.

"Mbona umesogea?" Mwalimu akamuuliza.

"Nimwache Subilaga peke yake, Mwalimu?"

"Tazama ulipotoka."

Atupele akageuka. Kati yake na mwenzake palikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kupita bila kugusa bega la yeyote.

Ndipo Mwalimu akatueleza alichokuwa akikifikiria. Tusijikusanye pamoja na wao, kwa maana tukijikusanya tunawasaidia kujikusanya. Tusimame mbalimbali, kona hadi kona, na yeyote atakayetaka kutulinda alazimike kutufuata. Mpira angeuanzisha Enesi, msichana mdogo wa mwili lakini mwepesi wa mikono.

"Enesi, usiutazame ukuta wote, utakutisha," alimwambia. "Mtazame beki mmoja tu, yule aliye kati yako na Subilaga. Akimfuata Subilaga, pita wewe. Akikujia wewe, mpe Subilaga. Yeye mwenyewe atakuonyesha la kufanya."

Enesi aliitikia. Subilaga ndiye aliyebaki ameinamisha uso.

"Mwalimu, mimi nimezoea kupasua katikati. Kule kona nitafanya nini?"

"Utasimama."

"Nisimame tu?"

"Usimame, nao wakuogope."

"Watu watasema mkono wangu umekwisha."

"Watasema," Mwalimu akajibu. "Na kuna siku utatoka kiwanjani mpira haujakufikia, na utakuwa umecheza kuliko wote. Siwezi kukulazimisha. Hili ni la moyo wako."

Subilaga akaondoka. Tulidhani tumempoteza. Kesho yake jioni tulipofika kiwanjani, tulimkuta kwenye kona, amekwishafunga kamba za viatu.

Tulifanya mazoezi katika mvua ya kwetu, mnaijua. Mpira uliteleza kama samaki. Enesi alikosea mara nyingi, kwa kuwa macho yake yalikimbilia goli badala ya kumtazama beki, na kila alipokosea Mwalimu alisimamisha mchezo na kumwambia, "Nani amekwambia upite?" Polepole akaacha kubahatisha. Akajifunza kungoja beki aamue, kisha yeye awe mwepesi kumzidi.

Siku ya mechi Lwangu walishuka kwenye lori wakiimba. Walipojipanga katikati kama kawaida yao, sisi tukatawanyika. Nikiwa golini kwangu nilimwona Mbuke akigeuza shingo huku na huku, akijaribu kutuona sote kwa wakati mmoja. Beki mmoja akamfuata Subilaga kona. Enesi akapita. Baadaye kidogo akapita tena. Hadi mapumziko tulikuwa tunaongoza.

Lakini Mbuke hakuwa mjinga. Kipindi cha pili aliwarudisha wenzake wote katikati, akamwacha Subilaga peke yake. Enesi alikuwa amezoea kupita, hakutazama. Akajigonga kwenye ukuta, akaanguka kifudifudi. Lwangu wakachukua mpira wakanifunga, wakanifunga tena, tukawa sare. Watazamaji wakaanza kelele: "Subilaga aingie katikati!" Mkuu wa chuo naye alikuwa akionyesha katikati kwa kidole.

Subilaga alimtazama Mwalimu. Mwalimu alinyoosha mikono yake miwili, mmoja huku, mmoja kule, akaishikilia hivyo hivyo. Subilaga akafuta matope usoni, akabaki kwenye kona yake.

Enesi akainuka. Safari hii alimtazama beki wake. Beki hakutoka katikati. Enesi akarusha mpira kona, Subilaga akaruka, na mkono ule ambao watu walisema umekwisha ukaujaza mpira wavuni. Lwangu wakasawazisha. Mbuke akaona kwamba Subilaga haachiki, na dakika za mwisho akaamua kumfuata yeye mwenyewe.

Hapo ndipo mechi ilipoamuliwa. Subilaga alipokea mpira kona, na mbele yake akasimama Mbuke, yule yule aliyemvimbisha bega. Kiwanja kizima kilijua angerusha, nami nilijua hivyo. Aliinua mkono. Mbuke akaruka kumzuia. Subilaga akaushusha mkono, akaurudisha mpira kwa Enesi, aliyekuwa tayari anakimbilia pale Mbuke alipotoka. Hapakuwa na mtu pale. Enesi akafunga, na refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Timu haikuvunjwa. Wenzangu walimbeba Enesi, lakini mimi nilikwenda kona alikokuwa Subilaga, na Mbuke alikuwa amefika kabla yangu.

"Hamkutuvunja," Mbuke alisema, akihema.

"Hatukuwavunja, dada," Subilaga akakubali.

"Mechi iliyopita ulinigonga mpaka mimi mwenyewe nikakuonea huruma, na sikusogea. Leo hujanigusa, na nimesogea." Akawatazama wenzake waliokuwa bado wamesimama hapa na pale, kila mmoja peke yake, na mianya kati yao. "Basi nimejifunza. Ukuta ukitanuliwa huwa uzio."

Mwalimu Ambakisye aliyasikia, akayarudia bwenini na darasani. Sisi tulipohitimu tukayapeleka kila shule tuliyopangiwa, na watu wakayatumia kwa mambo yao wenyewe. Wengine hudhani methali hii inasifu ujanja. Mimi niliyeona, naona inamsifu kwanza yule aliyekubali kusimama mbali, kwa kuwa bila yeye hakuna linalosogea. Mkikutana na jambo lililosimama bega kwa bega mbele yenu, msilipige kichwa, wala msilikimbie. Simameni mbalimbali, kila mtu ashike kona yake, mngoje liwafuate.

Ukuta ukitanuliwa huwa uzio.