Kikapu Sawa si Mzigo Sawa

Kikapu sawa si mzigo sawa. Mmeisikia methali hiyo leo mkutanoni, mwenyekiti alipotangaza mchango wa bomba la maji kuwa sawa kwa kila nyumba, mkaniandama hadi jikoni kuniuliza imetoka wapi. Haya, ketini. Ambueni maharage hayo huku mkisikiliza, maana masikio hayahitaji mikono. Chanzo chake ni hiki.

Zamani, huku kwetu milimani Upare, maji ya mfereji yalikusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa lenye ukuta wa mawe na udongo, kisha yakafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Kila mwaka kabla ya masika baragumu lililia, watu wakatoka kwenda msaragambo, ile kazi ya wote, kuuongezea ukuta udongo. Desturi ilikuwa kwamba kila kitalu unachomwagilia kina kikapu chake cha udongo. Mwenye kitalu kimoja alibeba kimoja akaenda zake. Mwenye bonde zima alibeba, na wanawe wakabeba, mpaka shingo zikaingia mabegani.

Mwenye bonde zima alikuwa Senkondo. Mwaka mmoja aliwaalika watu kwake, akawanywesha pombe ya miwa, kisha akasimama.

"Ndugu zangu, sisi sote ni watoto wa mlima mmoja. Kwa nini mmoja abebeshwe kama punda na mwenziwe apite akipunga mikono? Kuanzia sasa kila kaya ibebe kikapu kimoja. Sote sawa. Hiyo ndiyo haki."

Watu wakapiga makofi. Pombe ya bure ina maneno matamu! Miongoni mwao alikuwepo Namkunda, mjane mwenye kitalu kimoja cha mboga na nyumba ya udongo chini kabisa ya ukuta wa ndiva. Aliishi humo na mama mkwe wake, bibi kizee aliyepooza miguu. Namkunda aliona wazi kwamba vikapu vya bonde zima vimefutwa na hakuna wa kuvibeba. Lakini kibarua chake kilikuwa shambani kwa Senkondo. Akaogopa. Akapiga makofi pamoja na wenzake.

Ukuta ulipanda kidogo tu mwaka ule, na mwaka uliofuata ukapanda kidogo tu tena. Kisha ikaja masika ambayo haikujua kunyamaza.

Asubuhi moja Namkunda alitoka nje akaona maji yakichuruzika kutoka kwenye ukuta, nyuma ya jiko lake. Kuvuja kwenyewe si ajabu. Watu wa ndiva husema maji meupe ni jasho la ukuta. Lakini haya yalikuwa mekundu, na maji mekundu maana yake ukuta unaliwa kwa ndani. Aliingia ndani mbio, akamkumbatia mama mkwe wake kiunoni, akamnyanyua. Hakuweza. Akajaribu tena, wote wawili wakaanguka sakafuni.

"Kuna nini, mwanangu?" bibi akauliza. "Mbona unaninyanyua hivyo?"

"Hakuna kitu, mama. Nakuja sasa hivi."

Alikimbia akiteleza kwenye matope hadi kwa Mzee Mrutu, mlinzi wa ndiva. Mzee akaja, akayatazama yale maji. Akazibua mlango wa maji, lakini mlango ulikuwa mdogo na mfereji ulikuwa ukileta mengi kuliko yaliyotoka. Akapiga baragumu.

Watu walikuja na vikapu vyao. Walichimba udongo, wakabeba, wakamwaga mahali palipovuja. Maji mekundu yakapungua, na Namkunda akashusha pumzi. Halafu akaona jambo lililomtisha kuliko maji. Watu walikuwa wamesimama. Kila mmoja alikuwa amebeba kikapu kimoja, cha kaya yake, na sasa ameshika kikapu kitupu akimtazama jirani. Hakuna aliyetaka kuwa mjinga wa kubeba cha pili peke yake. Na wote kwa pamoja walikuwa wakimtazama Senkondo, aliyesimama pale juu na wanawe, wanaume wenye nguvu zao, mikono imekunjwa.

Maji yakaanza tena kuchuruzika, mazito kama uji wa ulezi.

Namkunda alimwendea.

"Baba Senkondo, waambie vijana wabebe. Mama yangu yuko ndani, hawezi kutembea."

"Kaya yangu imebeba, Namkunda. Na yako imebeba. Tuko sawa."

"Sawa?" Machozi yakamtoka. "Mimi ndani ya ndiva hii nina maji ya mchicha. Wewe una bonde! Kikapu sawa si mzigo sawa, baba. Nililijua hilo siku ile kwako, nikapiga makofi kwa kukuogopa. Leo naogopa kingine."

Akageuka, akajaza kikapu chake, akakimwaga ukutani. Akajaza kingine. Mzee Mrutu akamfuata, kisha jirani mmoja, kisha wengi. Lakini muda ulikuwa umekwisha kuliwa. Ukuta ukatoa mlio wa chini, kama mtu anayekoroma.

"Bibi!" akapiga kelele Kiondo, mwana mkubwa wa Senkondo. Baba yake akamshika mkono. Akauchomoa, akateremka na Namkunda, wakaingia ndani, wakambeba bibi na blanketi lake. Walikuwa hawajafika juu ya kilima ukuta ulipopasuka. Namkunda hakugeuka kutazama. Alisikia tu nyumba yake ikiondoka, na nyuma yake, mbali zaidi, sauti ya Senkondo akilia, kwa maana maji yalishika mfereji mkubwa kuliko yote, nao ulikwenda kwenye bonde lake.

Kiangazi kilipofika, watu wakakusanyika kujenga upya. Wazee walirudisha desturi ya kale, kila kitalu na kikapu chake. Kisha wakamhurumia Namkunda.

"Wewe, mama, umebaki mikono mitupu. Mwaka huu kaa pembeni, usibebe."

"Hapana, wazee wangu," akasema. "Nitakunywa maji hayo hayo. Nipeni kikapu changu kimoja. Mkinisamehe leo, kesho mtaniambia sina neno kuhusu ukuta."

Akabeba, akakimwaga, akaenda kuketi karibu na mama mkwe wake. Senkondo alikuwa akipanda na kushuka, udongo umemjaa masikioni. Alipofika mbele yake akasimama kidogo aheme.

"Umeshamaliza, Namkunda?"

"Nimemaliza, baba."

"Mimi bado."

"Najua," akasema Namkunda, bila kumcheka. "Bonde ni kubwa."

Senkondo akainama, akachukua kikapu chake, akarudi kuchimba. Hayo ndiyo mliyoyasikia mkutanoni, wajukuu zangu. Kikapu sawa si mzigo sawa.